Mrejesho: Klachi ya Hilux iliyosumbua baada ya kufunga presha pleti ngumu

Wakuu, niliuliza kuhusu klachi: baada ya kufunga presha pleti ngumu (sahani yenye springi inayobana diski ya klachi) na silinda mpya ya chini (ile ambayo fimbo yake inasukuma klachi iachie), rivasi ikawa inasaga na namba moja inaingia kwa kulazimisha. Wengi mlisema ni upepo ndani ya fluidi. Tuliutoa mpaka fluidi ikatoka safi bila povu, hali ikabaki vilevile.

Aliyenishauri nipime mwendo wa fimbo ya silinda ya chini, Mungu akubariki sana. Fundi alikanyaga pedali, mimi nikiwa chini ya gari na rula: fimbo ilisogea kidogo mno. Tukazilinganisha silinda, mpya na ya zamani. Ya zamani ina tundu la inchi 3/4, mpya 13/16. Kwa macho huoni tofauti, lakini masta ya juu (silinda inayosukumwa na pedali) inasukuma fluidi kiasi kilekile, na kwenye tundu pana fimbo inapungukiwa mwendo kwa karibu asilimia 15. Klachi haiachii yote. Ndiyo maana muuzaji wa spea akikuambia "inaingia tu", mwombe kipimo.

Mpira wa fluidi, yaani bomba laini linalopeleka fluidi silinda ya chini, nao ulikuwa umechoka; pedali ikikanyagwa, ulivimba mkononi kama mshipa. Msukumo unaishia humo.

Nimefunga silinda ya kipimo cha awali na mpira mpya uliosukwa waya wa chuma, tukatoa upepo tena. Rivasi inaingia kimya. Pedali ni nzito kwenye foleni, ila gari linabeba mzigo, nimeridhika. Fluidi naendelea kuiangalia, ikishuka nitawaambia.