Ruta mpya kwenye laini ya DSL: ipi afadhali, modemu iwe daraja au ruta ikae nyuma yake?

BintiBarani (Malindi)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba mnisaidie kuamua.

Nyumbani kwa baba hapa Barani tuna simu ya mezani ya tangu zamani, na DSL, yaani intaneti ya waya wa simu, inapita kwenye waya huohuo. Modemu tuliyopewa na kampuni ina waifai dhaifu; ukitoka ukumbini kuingia chumbani kwa mama, imeshakatika. Kaka yangu yuko Maskati, na kila Ijumaa baada ya swala hupiga simu ya video. Mama humwona dakika mbili, kisha sura inaganda na sauti inapotea. Inaniuma kila wiki.

Basi nikanunua ruta ya antena nne. Jana usiku nikachomoa waya wa simu kwenye modemu nikauchomeka kwenye tundu la WAN la ruta, lile la kupokea intaneti. Kichwa cha ule waya ni chembamba, kikawa kinachezacheza mle ndani, na taa ya intaneti haikuwaka kabisa.

Watu watatu wameniambia mambo matatu. Wa kwanza: rudisha hiyo, ununue ruta yenye modemu ndani yake. Wa pili: modemu ibaki, lakini igeuzwe daraja, yaani ipitishe intaneti tu na kazi nyingine ifanywe na ruta. Wa tatu: chomeka ruta nyuma ya modemu, yaishe. Nifuate ipi? Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, si ya bloku.

FundiLangoni (Lamu)

Waaleikum salaam dada. Kabla ya yote, chukua tochi umulike lile tundu la WAN. Kichwa cha waya wa simu ni RJ11, na tundu hilo ni la RJ45 lenye pini nane. Kile kidogo huingia, lakini plastiki yake huweza kuzikunja pini za pembeni. Ukiziona zote nane zimelala sambamba, shukuru Mungu.

Taa haikuwaka kwa sababu kwenye waya wa simu hakuna kitu ambacho ruta inakielewa. Mle mna mawimbi ya DSL, na wa kuyafasiri ni modemu. Ruta kazi yake ni kupokea kilichokwisha kufasiriwa na kukigawa nyumba nzima. Kwa hiyo waya wa simu unarudi kwenye modemu, halafu unachukua waya wa mtandao, ule wa RJ45 pande zote mbili, kutoka tundu la LAN la modemu, lile la kugawa intaneti kwa vifaa vya ndani, hadi WAN ya ruta.

Ama kuhusu njia zako tatu, mimi ni mtu wa daraja, na nimewafungia wengi hivyo. Modemu inabaki kufasiri tu. Ruta ndiyo inayopiga PPPoE, yaani kuingia kwenye mtandao wa kampuni kwa jina na neno la siri la akaunti yenu, inapata anwani ya nje yenyewe, na mambo yote unayatawala mahali pamoja. Lakini usiguse chochote kabla hujapata jina hilo na neno la siri kutoka kwenye kampuni, ukayaandika kwenye karatasi. Nimeona nyumba ikikaa siku tatu bila intaneti kwa sababu kijana aliigeuza modemu daraja kwanza, ndipo akaanza kutafuta neno la siri. Ukiwa ndani ya menyu, nakili pia namba za VPI na VCI zilizopo, zinazotambulisha njia ya laini yenu, na uziache kama zilivyo. Zima waifai ya modemu, isije ikagombana na ya ruta.

Nahodha_Shela (Lamu)

Kaka Fundi, kwa heshima zote, hapa naona umempa mzigo usiokuwa wake. Dada anataka mama yake amwone mwanawe. Njia ya tatu inamtosha, akiifanya vizuri.

Dada, iache modemu kama ilivyo. Ingia kwenye ruta yako mpya, zima DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani, kisha ibadilishe anwani ya ruta yenyewe. Nyingi hutoka dukani na 192.168.1.1, na huenda modemu yenu inayo hiyohiyo. Zikikutana mbili hakuna atakayepita. Ipe 192.168.1.2. Halafu waya utoke LAN ya modemu uingie LAN ya ruta, si WAN. Hapo ruta inakuwa kituo cha waifai tu, mtandao ni mmoja, na huhitaji neno la siri la kampuni. Waya huo unaweza kufika mita 100, kwa hiyo iweke ruta karibu na mama, si karibu na soketi ya simu.

Usifanye tu ile ya kuchomeka kwenye WAN ukaacha kila kitu kama kilivyo. Itafanya kazi, ndiyo, lakini anwani zitatafsiriwa mara mbili, na ruta kisha na modemu. Kuperuzi hutaona tofauti. Siku utakapotaka kutazama kamera ya getini ukiwa mbali, ndipo utahangaika.

FundiLangoni (Lamu)

Nahodha, hoja yako naikubali kwa nyumba ambayo modemu yake ni nzima. Modemu nyingi za kupewa huelemewa vifaa vikizidi kumi, zinapata joto, zinajizima. Ukiipa kazi ya daraja peke yake unaipunguzia mzigo. Hilo tu ndilo linalonifanya nishikilie.

MamaTumu (Malindi, Maweni)

Mimi nilikuwa na ile ya kwanza, ruta na modemu kwenye kiboksi kimoja. Masika, radi ikapita kwenye waya wa simu, kila kitu kikafa kwa mara moja. Vikiwa viwili, mara nyingi huondoka modemu tu. Tena ukinunua ya kiboksi kimoja lazima ujue laini yako ni ADSL au VDSL, aina mbili za DSL, na madukani siku hizi unakuta za faiba na za laini ya simu ya mkononi tu. Mwanangu, mvua ikinguruma chomoa waya wa simu, si umeme peke yake.

FundiLangoni (Lamu)

Kuna jambo nilitaka kulisema tangu mwanzo. Dada, umesema sura inaganda baada ya dakika mbili. Je, ukikaa ukumbini pembeni ya modemu, inaganda pia? Ikiwa ndiyo, shida si waifai, na antena nne hazitasaidia kitu. ADSL2+ hufika megabiti 24 kwa sekunde kwa aliye karibu na kituo cha simu, na kadiri waya unavyorefuka ndivyo inavyopungua. Ruta haiwezi kukuongezea kisichofika kwenye soketi.

Ingia kwenye ukurasa wa modemu, tafuta namba iliyoandikwa SNR Margin. Ni nafasi iliyobaki kati ya mawimbi yako na kelele ya waya, kwa desibeli. Ikiwa chini ya 6, tarajia kukatika. Kisha hesabu simu zote za mezani zilizo kwenye laini hiyo, hata ile isiyotumika. Kila moja inahitaji filta yake. Sauti ya simu hupita chini ya kilohezi 4 na DSL huanza kama kilohezi 25 kwenda juu. Filta ndiyo inayozitenganisha. Modemu yenyewe haipiti upande wa simu wa filta, angalia sana hapo.

Mwisho, fungua kifuniko cha soketi. Sisi watu wa pwani tuna hewa ya chumvi, na shaba haiipendi.

BintiBarani (Malindi)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku nne.

Pini nane zilikuwa salama. Pembeni ya modemu nako sura iliganda, kama Fundi alivyohisi. SNR ilikuwa 4.5. Nikafungua soketi: skrubu moja imefunikwa ungaunga wa kijani, na waya ulioshikwa hapo ulikatika nilipougusa kwa kidole. Tena chumbani kwa baba kulikuwa na simu ya zamani nyuma ya kabati, bado imechomekwa, haina filta. Nimekata ncha ya waya nikaimenya upya, nikaweka skrubu mpya, na ile simu nimeichomoa. SNR ikapanda hadi 10.

Halafu nikachagua daraja, maana jina na neno la siri nilivipata kwa kuwapigia. Siku ya kwanza tovuti nyingine zilifunguka, nyingine zikabaki nyeupe. Nikakuta MTU ya ruta, yaani ukubwa wa juu wa kila kifurushi cha data, ni baiti 1500. PPPoE huchukua baiti 8, nikaweka 1492 na zote zikafunguka.

Nahodha, shauri lako la waya nalo nimelifuata. Niliiweka ruta kwanza kwenye kidaka cha ukutani, ikapendeza, lakini mle imezungukwa na mawe pande tano na ukuta wetu una unene wa dhiraa nzima. Waya sasa unapita juu ya mlango, na ruta iko wazi juu ya kabati la mama.

Ijumaa kaka alipiga. Wamezungumza dakika arobaini, mama yuko kitandani kwake. Fundi, ile skrubu ya kijani nimeihifadhi kwenye kopo, nikija Lamu kwa Maulidi nitakuletea uione.