Skuta ya fungate (kikundi cha Ukoo wa Bibi Songea 🌿)

Edo: Habari za jioni ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri. Tiketi za Phuket, Thailand zimeshalipwa, tunaondoka Januari harusi ikishapita. Sasa teksi za kule naona bei zake ni za kutisha na kila niliyemuuliza ananiambia kodi skuta. Jamaa wa duka moja kanitumia orodha: Honda Click 125, Click 160, PCX 160, Yamaha NMAX 155 na Aerox 155. Zote otomatiki. Nichukue ipi?

Sesi: fungate ya kwenu af mnatuuliza sisi 😂😂😂

Bosco: Aerox kaka. Ile ina sura, ukipaki watu wanageuka

Shangazi Fides: Marahaba Edo. Pikipiki tena jamani? Huko Thailand si ndio nchi inayoongoza kwa watu kufa na pikipiki? Nimesikia redioni

Mjomba Gervas: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Sesi: Mjomba andika tu mi niko kwenye daladala

Mjomba Gervas: Haya naandika. Kwanza shangazi yenu hajakosea, Thailand ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa vifo vya pikipiki na wageni wamo humo humo, wengi hawajawahi kuendesha kwao wanafika pale siku ya kwanza wanapanda na kaptula na ndala. Mimi nikipeleka mawe ya vito Chanthaburi nikimaliza sokoni huwa nashuka Phuket kupumzika na kila mara nakodi, kwa hiyo nachosema nakijua. Edo kabla ya kuchagua skuta niambie mambo mawili, mtakaa upande gani wa kisiwa, na wewe sasa hivi una kilo ngapi.

Edo: Tutakaa Kata. Kilo 96 Mjomba

Sesi: 96 ya mwaka gani hiyo 😂

Edo: Sesi kaa kimya

Mjomba Gervas: Kata ni pazuri ila ukitoka hapo kwenda popote ni mlima. Ukienda kusini Nai Harn na Rawai unapanda kile kilima cha Karon Viewpoint, barabara inajikunja na imesimama kweli kweli. Ukienda kaskazini Patong halafu ukataka kuvuka kwenda mjini Phuket kuna mlima wa Patong, magari na mabasi yote yanapita hapo hapo. Sasa Click 125 na watu wawili mmoja kilo 96 itapanda, ila utakuwa umenyonga mpaka mwisho na basi liko mgongoni linapiga honi. Hapo ndipo 155 na 160 zinapokuja. Sio kwa ajili ya mbio, ni ile nguvu ya kutoka kwenye kona ya mlima bila kusimama katikati. Kwa hiyo 125 iondoe.

Bosco: Si ndio nimesema Aerox, 155 hiyo

Mjomba Gervas: Aerox siti yake ya nyuma imenyanyuka na ni nyembamba, ni ya vijana wa peke yao. Na tenki lita 5 na nusu. Bibi harusi umpandishe juu kule kama kuku kwenye kichanja? Iondoe na hiyo.

Bosco: 😔

Mjomba Gervas: Zinabaki tatu. PCX na NMAX ni ndugu, zote nzito kidogo, kilo 130 na ushee kila moja, siti pana, zinatulia barabarani, na nyingi zina ABS ya breki ya mbele, ile inayozuia tairi lisifunge ukibana ghafla, hilo ni la muhimu kuliko sura. PCX tenki lita 8, NMAX lita 7 na kidogo. Chini ya siti ya PCX unaingiza helmeti na taulo na maji. Click 160 injini yake ni ya ukubwa ule ule wa PCX, ila mwili mdogo, haifiki kilo 120, na pale mbele chini ni bapa unaweka mfuko wako wa matunda miguuni. PCX na NMAX pale katikati pana mgongo, mfuko hukai

Mjomba Gervas: *haukai

Edo: Basi PCX Mjomba. Bei yake baht 450 kwa siku, Click 160 ni 350

Mjomba Gervas: Bei sio mbaya kwa Januari, ndio msimu wao, mvua zimeisha. Ukikodi wiki nzima omba wapunguze, wanapunguza.

Shangazi Fides: Mimi naongelea mavazi. Wini asije akapanda na lile gauni refu wala kitenge cha kufunga. Mnakumbuka yule binti wa parokiani khanga ilivyoingia kwenye tairi la nyuma la bodaboda. Avae suruali. Na mtandio asivae shingoni

Sesi: kweli shangazi hilo la khanga sio mchezo

Bosco: Kaka mi nikuulize kitu cha kiufundi. We umezoea Boxer si ndio? Boxer mkono wa kushoto ni klachi. Skuta haina klachi, ule mkono wa kushoto ni BREKI YA NYUMA. Sasa mtu wa Boxer akifika kwenye kona akili inamwambia punguza giya, anabana kushoto kwa nguvu vidole vyote kama anabana klachi, na mguu wa kulia unatafuta breki hewani haipo. Tairi la nyuma linafunga, mnalala chini. Nimeona jamaa wa kijiweni kwetu kaazimwa skuta ya mwalimu akaenda nayo mpaka kwenye mtaro, na huyo ni dereva wa kila siku

Edo: Duh hilo sikulijua

Bosco: Na nyingine. Ukitaka kuisogeza ikiwa inawaka USIKAE PEMBENI umeshika mshiko wa kulia. Ukinyonga kidogo tu inaondoka yenyewe, haina nyutro ya kukuokoa. Zima kwanza ndio usukume

Mjomba Gervas: Bosco leo umeongea. Na mteremko. Skuta huna giya ya kushusha kwa hiyo watu wanashuka mlima mzima wamekamata breki, zinapata moto, zinalegea. Usiachie kabisa mafuta ukawa unaserereka taratibu, ukienda polepole sana ile klachi ya ndani inaachia na injini haikushikilii tena. Nyonga kidogo sana uisikie imeshika, halafu breki zote mbili, bana achia bana achia.

Mjomba Gervas: Sasa lile swali kubwa. Edo leseni yako ina madaraja gani?

Edo: D

Mjomba Gervas: D na nini

Edo: D tu, ya magari. Lakini Mjomba si unajua nimeendesha Boxer ya baba mdogo miaka yote nikiwa Songea

Mjomba Gervas: Polisi wa Phuket hamjui baba yako mdogo. Wanaweka vizuizi mchana kweupe, wageni wote pembeni, leseni. Wanataka ile ya kimataifa na iwe na muhuri kwenye A, pikipiki. Ile kitabu unaipata AAT, chama cha magari Tanzania, lakini wanagonga kile ulichonacho kwenye leseni yako ya TRA, huna A hawakugongei A. Faini hata siyo shida, unalipa unaenda. Shida ni bima. Ukivunjika mguu hospitali za binafsi kule unalipa mamilioni, bima ya safari itakuuliza ulikuwa na leseni ya pikipiki? Huna, wanakuaga. Na ile bima ya lazima ya chombo wanayoiita Por Ror Bor ni ya matibabu ya watu tu na ina kikomo kidogo, skuta yenyewe haimo.

Mjomba Gervas: Na isiwe A1, ile ni ya chini ya cc 125. Hizi tatu zilizobaki zote zimevuka.

Edo: Sasa Mjomba mpaka Januari nitaipata wapi, shule ya udereva, trafiki, na vikao vya harusi hivi

Sesi: basi mtapanda teksi mkae kama watalii wazee

Edo: Ujumbe huu ulifutwa

Shangazi Fides: Nimeuona

Wini: Shikamooni wakubwa zangu. Samahani nimechelewa, huku Mbinga mtandao ulikata na nilikuwa shambani kwa wakulima mpaka saa hizi. Nimesoma yote. Mbona hamjaniuliza mimi 😊

Shangazi Fides: Marahaba mkwe wangu, pole na kazi

Wini: Asante shangazi. Mimi nina A. Sisi maafisa ugani tulipogawiwa pikipiki 2022 leseni ilikuwa lazima, na kila siku napanda nayo huku Umatengo mvua na tope, mlima wa lami sio tatizo. Nitaendesha mimi, Edo akae nyuma

Sesi: WIFIIIII 🔥🔥🔥🔥

Bosco: 😂😂😂😂 kaka utashika kiuno

Mjomba Gervas: Sasa hapo ndio tunaongea.

Edo: Wini tungeongea kwanza pembeni

Wini: Tumeongea mpenzi, wiki iliyopita nilikwambia ukasema tutaona

Bosco: Sasa shemeji hesabu zote zinabadilika maana tulikuwa tunapima PCX kwa kilo za Edo kama dereva. Wewe una urefu gani?

Wini: Mfupi shem. Futi tano na inchi moja. Hapo ndipo nataka Mjomba anisaidie. Nikisimama kwenye mwinuko na mtu wa kilo 96 nyuma, akitikisika tu kidogo, mimi natakiwa mguu ukanyage chini vizuri sio ncha ya kidole. Pikipiki ya kazini ni ndefu ila nabeba mbegu na dumu la dawa, vyenyewe havigeuki kuangalia bahari

Sesi: 😂😂😂 havigeuki

Mjomba Gervas: Umeuliza vizuri mwanangu. Kwenye karatasi PCX na NMAX siti zake ziko chini kidogo, kama sentimita 76, Click 160 inakaribia 78. Lakini karatasi hainyooshi mguu. PCX siti ni pana, mapaja yanapanuka kwanza ndio mguu ushuke, mfupi anapoteza hapo. Click ni nyembamba mguu unashuka wima. Halafu ile tofauti ya zaidi ya kilo kumi unaisikia sio ukiwa unatembea, unaisikia ukiwa unairudisha kinyumenyume kwenye maegesho ya mchanga pale Nai Harn na jua la saa saba.

Edo: Na mimi je? Si ndio nakaa nyuma, siti ya PCX ni pana. Nina haki zangu

Bosco: Haki ya abiria ni kuvaa helmeti na kunyamaza

Wini: Mi naona Click 160. Ina nguvu ya mlima, nyepesi, na nitaweka mkoba miguuni. Edo siti utavumilia, safari zenyewe za nusu saa

Mjomba Gervas: Nakubaliana na bibi harusi ila msilipie mtandaoni. Nendeni dukani, Edo apande nyuma kweli na uzito wake wote, Wini aizungushe pale uwanjani Click kwanza halafu PCX. Asimame, akanyage, asogeze kwa miguu kurudi nyuma. Ile inayomsumbua waiache hata kama ni mpya.

Mjomba Gervas: Na kagueni. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukikuta 1419 hiyo ni wiki ya 14 mwaka 2019, mwambie alete nyingine. Bana breki zote mbili, mkono ukigusa mshiko hiyo haifai. Taa, honi, saiti mira. Halafu piga video skuta nzima, kila mkwaruzo, na mwenye duka aonekane amesimama pale. Mimi duka moja walinidai mkwaruzo wa zamani chini kabisa ya bodi, mahali ambapo hakuna anayechungulia, nililipa kwa sababu pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo yao. PASIPOTI HAIACHWI. Toa amana ya pesa, baht elfu tatu mpaka tano, uandikiwe risiti. Akikataa duka la pili liko hatua ishirini.

Wini: Nimeandika yote Mjomba. Na klachi ile aliyosema Bosco imenishtua maana mkono wangu wa kushoto umezoea. Kuna mwalimu hapa ana skuta nitamuomba Jumamosi nizunguke nayo uwanja wa shule

Bosco: Hapo umemaliza shemeji. Vidole viwili tu kwenye breki ya kushoto usiweke vyote vinne, hata mkono ukijisahau haitafunga kirahisi

Sesi: na helmeti?? zile za kule si kama bakuli la mchele

Mjomba Gervas: Waombe za uso mzima au za kufunika masikio, ziko ila hawakupi mpaka uombe. Ya Edo ajaribu kabisa kichwa kikubwa.

Edo: Leo mmeniamulia

Shangazi Fides: Na siku ya kwanza toka uwanja wa ndege mchukue teksi, msiende na mabegi juu ya skuta

Mjomba Gervas: Kweli kabisa, uwanja uko kaskazini na Kata iko kusini huku, ni mbali. Mlale kwanza, skuta kesho yake. Kule wanaendesha kushoto kama sisi kwa hiyo hilo halitawapa shida. Mafuta mkajaze kituoni, zile chupa za barabarani ni za dharura tu.

Edo: Sawa. Click 160, ila tutaijaribu na PCX, hiyo siiachii

Wini: Tutaijaribu 😊

Shangazi Fides: Haya limeisha. Sasa kama mweka hazina naomba nikumbushe, kikao cha kamati ni Jumapili saa kumi nyumbani kwangu na kuna watu humu ahadi zao hazijatimia hata nusu. Bosco nakuona uko mtandaoni

Bosco: Shangazi chaji inaisha hapa