Honda CG125 ya zamani: gia ya pili inachomoka mlimani, nianzie wapi?

Mwalimu wa Soni

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijamkabidhi fundi pikipiki yangu, kwa sababu mafundi wawili niliowaendea wamenipa majibu yanayopingana, na gharama zake ziko mbali kama mbingu na ardhi.

Pikipiki ni Honda CG125 ya miaka ya 1990, ile ya gia tano, niliyoachiwa na baba mdogo alipostaafu ubwana shamba. Injini haijashushwa tangu iwe mikononi mwangu, haitoi moshi, na inawaka kwa teke moja hata asubuhi za baridi ya huku kwetu. Tatizo liko kwenye gia. Ninapopanda mlima kutoka Mombo kuja Soni, hasa nikiwa na mfuko wa mbolea wa kilo 50 nyuma, gia ya pili huchomoka yenyewe: nasikia mlio mmoja mkali wa kugonga, injini inapaza kelele kana kwamba iko nyutro, na mwendo unakufa katikati ya kona. Zamani ilitokea mara moja kwa safari nzima. Sasa hutokea kila penye mwinuko mkali, nami nimezoea kuishikilia pedali kwa mguu, nikiisukuma juu mpaka nifike tambarare.

Jambo la pili, ambalo sijui kama lina uhusiano na hilo, ni kwamba nikisimama injini ikiwa inaunguruma, kuipata nyutro ni kazi, na mara nyingi nalazimika kuzima kwanza.

Fundi wa kwanza amesema ni springi tu. Wa pili hakuiendesha wala kuigusa. Alinisikiliza huku akiziba pancha ya mtu mwingine, kisha akasema gia boksi imekufa na ninunue injini nzima ya Kichina. Je, kuna njia ya kujua ukweli kabla ya kufungua injini?

Fundi Mstaafu, Tanga

Mwalimu, umefanya vizuri kueleza ni wakati gani gia inachomoka, kwa kuwa hilo humwongoza fundi kuliko mlio wenyewe. Gia inayochomoka ukipita kwenye mashimo, au unapoachia mafuta ghafla, mara nyingi imekosa kushikiliwa na kishikizo cha drumu ya gia, yaani ule mtungi unaozungushwa na pedali ili kuhamisha gia. Gia inayochomoka injini inapovuta kwa nguvu, kama yako, inatutaka tuwashuku vidole vya gia vyenyewe pamoja na uma unaovisukuma. Hata hivyo simkatalii fundi wako wa kwanza moja kwa moja, kwa sababu springi ya kishikizo hicho ikichoka nayo huweza kuiachia gia mlimani, na kuikagua hakuhitaji kushusha injini.

Ili tuelewane, gia za pikipiki hii hazikutani na kuachana meno kwa meno unapobadilisha. Zimeshikana muda wote. Kinachohama ni gia inayoteleza kwenye shafti, ambayo husukumwa na uma hadi vidole vyake vya ubavuni viingie kwenye matundu ya gia jirani. Vidole vikiwa vizima, mbavu zake huwa zimechongwa kwa mwinamo mdogo, kiasi kwamba injini ikivuta, gia hizo mbili huzidi kukumbatiana. Kona zikishalika na kuwa mviringo, nguvu ileile ya injini ndiyo inayozisukuma ziachane, na ndiyo maana mbolea yako inaitoa gia ambayo ukiwa bila mzigo inakaa.

Hapo hapo nikukanye: acha leo hii kuishikilia pedali kwa mguu. Uma umetengenezwa usukume kisha upumzike. Ukiubana muda wote, ncha zake zinasagana na mfereji wa gia inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, zinapata moto, zinapungua unene na hatimaye uma unapinda. Unaweza kuwa ulianza na ugonjwa mmoja ukajiongezea wa pili.

Sasa anza nje. Tazama pedali ya gia: ikiwa imewahi kuanguka ikapinda, inaweza kugusa kifuniko cha injini kabla haijamaliza safari yake, na gia ikaingia nusu. Tazama pia meno ya pale inapobanwa kwenye shafti yake, kwani yakilika pedali hucheza na uma haufikishwi mwisho. Nimewahi kuletewa pikipiki ambayo tayari ilikuwa imepangiwa siku ya kushushwa injini, kumbe bolti ya pedali ilikuwa imelegea.

Kisha mwaga oili injini ikiwa ya moto, uichuje kwa kitambaa cheupe, na upitishe ndani yake sumaku ya spika mbovu. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu, vyenye kona, ni vya gia au beringi, na hapo injini itafunguliwa hata usipopenda.

Mwisho, hilo la nyutro usilidharau. Linanielekeza kwenye klachi isiyoachia kabisa. Pima mkono wa klachi kwenye ncha: ucheze milimita 10 hadi 20 kabla haujaanza kuvuta. Ukishaurekebisha hivyo na nyutro bado ikakataa, fungua kifuniko cha kulia.

Kijana wa Gerezani, Dar es Salaam

Shikamoo Mzee. Naongeza kuhusu hicho kifuniko cha kulia, kwa sababu wengi hawajui kwamba kwenye CG sehemu kubwa ya mtambo wa kubadilishia gia iko nyuma ya klachi. Ukitoa kifuniko na klachi, unaiona nyota iliyofungwa kwenye ncha ya drumu, mkono wenye kigurudumu kidogo unaotumbukia kwenye mabonde ya nyota hiyo, na springi inayouvuta. Kigurudumu kikilika upande mmoja, au springi ikilegea, drumu haikai mahali pake. Vyote hivyo vinabadilishwa injini ikiwa bado imefungwa kwenye fremu, na ni kazi ya nusu siku.

Uwe mwangalifu na chujio la oili la kuzunguka lililo kwenye ncha ya kranki. Nati yake ni ya mviringo yenye mifereji minne na ina spana yake maalumu, lakini wengi wetu huku mtaani tunaigonga kwa tindo hadi mifereji inakatika. Kama huna spana, mpe mchongaji kipande cha bomba akuchongee meno manne; itakutumikia miaka.

Ikiwa mwisho wa yote itagundulika vidole vimelika, si lazima ununue gia mpya. Kuna wanaovijazia kwa kuchomelea na kuvichonga upya. Mimi mwenyewe nimeendesha pikipiki iliyofanyiwa hivyo kwa karibu mwaka mzima bila tatizo.

Fundi Mstaafu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Kwenye nyota na kishikizo uko sahihi kabisa, na hiyo spana ya bomba nimeipenda. Kwenye kuchomelea nakupinga. Chuma cha gia kimekomazwa juu kiwe kigumu huku ndani kikibaki na ustahimilivu. Moto wa kuchomelea unaondoa ugumu huo pale ulipopita, na pembeni yake unaacha sehemu inayovunjika kama kigae. Kidole kikikatika, kipande kinaweza kunasa kati ya gia mbili na tairi la nyuma likafunga papo hapo, na hapo kuvuta klachi hakusaidii, kwa kuwa gia boksi iko upande wa tairi. Mwalimu anateremka kutoka Lushoto hadi Mombo, barabara yenye kona mfululizo na bonde pembeni. Mwaka mmoja wa bahati yako usimtie yeye moyo.

Msafiri wa Voi

Nimefuatilia mjadala huu nikiwa Kenya, ambako injini za Kichina zilizonakili muundo wa CG zimejaa. Kwa sababu hiyo vipuri vya gia vinapatikana kwa urahisi na bei si mbaya, lakini usinunue kwa kutazama boksi. Peleka gia yako ya zamani dukani, uhesabu meno yake na ya ile mpya, uhesabu mifereji ya shimo la shafti, kisha uziweke ubavu kwa ubavu ulinganishe unene na idadi ya vidole. Mimi niliwahi kubeba gia iliyofanana na yangu kwa kila kitu isipokuwa jino moja, na muuzaji akakataa kuirudisha kwa kuwa ilikwisha kupakwa oili.

Mwalimu wa Soni

Wakuu, nimerudi na taarifa baada ya wiki tatu, na nawashukuru kwa kunivumilia.

Pedali ilikuwa nzima. Oili ilikuwa na uji mwingi wa kijivu, na sumaku ikaleta vipande viwili vidogo kama ncha ya kalamu ya risasi, vinavyong'aa upande mmoja. Mkono wa klachi ulikuwa na mchezo unaotakiwa, lakini nyutro iliendelea kukataa, kwa hiyo tukafungua upande wa kulia. Kigurudumu cha kishikizo kilikuwa kimelika, tukakibadilisha pamoja na springi yake. Pleti za chuma za klachi tulizilaza moja moja juu ya kipande cha kioo cha dirisha, na tatu kati yake zilikuwa zimepinda kiasi cha kupitisha ukucha chini yake. Tukaweka mpya.

Baada ya hapo nyutro ikapatikana kwa kugusa tu, na nilifurahi nikadhani tumemaliza. Niliijaribu bila mzigo, ikatulia. Jumamosi nikapakia mfuko wa mbolea kule Mombo, na kwenye kona ya tatu gia ikatoka kama kawaida yake. Kwa vile vipande vya kwenye oili vilikuwa vimenikosesha usingizi tangu mwanzo, niliamua injini ishuke.

Ndani, vidole vya gia inayoingia kwenye ya pili vilikuwa mviringo kama kona za sabuni iliyotumika, na kimoja kilikuwa kimemeguka. Uma wake ulikuwa na rangi ya bluu upande mmoja wa ncha, na upande huo ukawa mwembamba kuliko mwingine. Mzee, nilipouona nilikumbuka maneno yako kuhusu mguu wangu, nikanyamaza. Fundi anasema klachi isiyoachia ndiyo iliyoanzisha yote, kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikiingiza gia wakati shafti bado inasukumwa na injini, na kila mara vidole vinagongana kabla ya kuingia.

Nimepata gia zote mbili zinazoumana pamoja na uma mpya, na meno nimehesabu mara mbili. Kabla hatujafunga, kuna la kuzingatia?

Fundi Mstaafu, Tanga

Umefanya vyema kununua gia zote mbili, kwa kuwa kidole kipya kikiingia kwenye tundu lililolika, baada ya muda mfupi utarudi ulipotoka.

Mwambie fundi asitumie tena zile pete za kufungia zinazozuia gia zisitembee kwenye shafti; zikishatanuliwa mara moja hazirudi kubana sawasawa. Kila pete ina upande mkali na upande ulioviringwa kidogo, na upande mkali ndio unaopaswa kutazama kule ambako msukumo unaenda, vinginevyo pete hupanda na kuruka. Zile washa, yaani pete bapa za katikati ya gia, zirudi kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Kama alizipanga kwenye waya zikitoka, mshukuru. Kama alizimwaga kwenye beseni la mafuta ya taa, kaeni chini na mchoro kabla ya kugusa kitu.

Nyuso za kasha zinapokutana zisikwanguliwe kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja ni uvujaji wa maisha. Mkishaunganisha makasha mawili, kabla ya kurudisha silinda na klachi, zungusha shafti ya sproketi kwa mkono mmoja na drumu kwa mwingine, upite gia zote tano kwenda na kurudi. Kila moja iingie kwa mlio mmoja safi, na kwenye nyutro shafti izunguke bila kukokota. Usiruhusu jambo lolote liahirishwe kwa maneno "itajizoesha". Mimi nimeyaamini maneno hayo mara mbili katika kazi yangu, na mara zote mbili niliishusha injini upya kwa gharama yangu.

Oili tumia ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea humo humo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyoifanya iteleze. Injini inachukua takriban lita moja. Ya kwanza imwage mapema, huwezi kujua kilichobaki kwenye vijitundu.

Mwalimu wa Soni

Tulizungusha kwa mkono kama ulivyoagiza, Mzee, na gia ya tatu ikakataa kuingia. Washa moja ilikuwa imekaa upande usio wake. Fundi alitaka tufunge tu, nikamsomea ujumbe wako kutoka kwenye simu, akacheka na kufungua tena.

Nimekwisha kupanda kutoka Mombo mara nne, mbili kati yake nikiwa na mbolea, na mguu nimeuweka mbali na pedali. Gia ya pili imekaa. Jana nimemwaga oili baada ya kilomita 300, na kwenye sumaku kulikuwa na uji wa kijivu tu.