Tunaambiwa timu ijigawie kazi, kisha meneja anazigawa upya usiku

Wakuu, salaam. Nimejizuia kwa muda mrefu, ila leo nayaandika haya kwa sababu najua humu wamo wengi wanaotengeneza programu na wanaokutana na jambo hili kila wiki.

Ofisi yetu iko Njiro, hapa Arusha, na tunatengeneza mfumo wa kuuzia safari za watalii. Tuko saba. Mwaka jana tulikusanywa tukaelezwa kwamba tunaanza kufuata Skramu, yaani utaratibu wa timu ndogo kufanya kazi kwa vipindi vifupi, kwamba enzi za kupangiwa kazi kama vibarua zimekwisha, na kwamba timu itajipangia yenyewe. Tulifurahi kweli. Tukausoma mwongozo wa Skramu wa mwaka 2020 kurasa zote, nao hauzunguki katika hili: timu ndiyo inayoamua nani afanye nini, lini na kwa namna gani, na watengenezaji ndio wanaochagua kazi za kuingia kwenye sprinti, yaani kipindi kimoja kifupi cha kazi, baada ya kuzungumza na mwenye bidhaa, yule anayepanga kipi kitangulie kwenye bidhaa.

Jumatatu ya wiki iliyopita tulipanga sprinti ya wiki mbili kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana. Kila kazi tuliiandika kwenye kikaratasi, tukakadiria uzito wake, tukabishana, na mbili tukaziondoa kwa sababu zilizidi uwezo wetu. Dada mmoja, mgeni kuliko sote kazini, aliomba kazi ya malipo kwa simu ambayo hajawahi kuigusa, na kaka anayeijua akakubali kukaa naye wakaifanya pamoja. Kwangu hapo ndipo penye faida yenyewe ya timu kujipanga, maana kaka huyo akiugua leo, hakuna mwingine anayejua malipo yanapitaje.

Jumatano asubuhi tukakuta ubao umebadilika. Vikaratasi vimehamishwa, na juu ya kila kimoja pameandikwa jina kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko ambao sote tunaujua. Malipo yamerudi kwa kaka yule yule, dada amepewa kurekebisha ripoti, na zile kazi mbili tulizoziondoa zimebandikwa tena. Hakuna aliyeulizwa. Nilimwona yule dada akisimama mbele ya ubao, akalisoma jina lake, akarudi kwenye kiti chake bila kusema neno. Tangu siku hiyo kikao cha asubuhi cha dakika 15, ambacho ni chetu cha kupanga siku, kimekuwa cha kuitwa majina, na kila mtu anamtolea meneja taarifa badala ya kuzungumza na mwenzake.

Kugawiwa kazi peke yake ningekuvumilia. Mafundi ujenzi hugawiwa kazi na msimamizi wao, na nyumba inasimama, kwa kuwa msimamizi huyo hukubali lawama ukuta ukipinda. Kinachonichoma ni kwamba kazi zisipokamilika tunaambiwa mbele ya mteja kwamba tulijipangia wenyewe. Hatukujipangia! Uamuzi ni wa meneja na lawama ni zetu, na huko ni kutuonea.

Jumatatu ijayo tunapanga tena, na nimekusudia kulisema jambo hili kikaoni yeye mwenyewe akiwepo. Picha ya ubao kama tulivyouacha Jumatatu ile ninayo kwenye simu. Aliyewahi kumkabili bosi wake kwa suala kama hili naomba anieleze alianzaje.