Msaada usiovuka mpaka: nani aamue kinachohesabiwa?

Mwanamizani: Wadau, tulijadili hili. Mwaka 2015 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba kila mwaka asilimia 0.7 ya pato la taifa iende kwenye misaada ya maendeleo. Ila kipi kihesabiwe, hilo linafuata kanuni za kamati ya misaada ya OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, yaani wafadhili wenyewe kwa wenyewe. Ni haki mlipaji ndiye ashike mizani? Kwa kanuni hizo, kumtunza mkimbizi ndani ya nchi tajiri miezi 12 ya mwanzo ni msaada wa nje. Mwaka 2023 zaidi ya robo ya misaada yote ya Uingereza iliishia humo.

Sudi77: Kwa hiyo wakimbizi ndio wanaokula hela za maskini waliobaki makwao. Tuseme ukweli.

Bi Shani: Sudi, hapo umenikera. Mkimbizi hashiki hata senti, anayelipwa ni mwenye hoteli anamowekwa na serikali. Chumba kilekile, kitanda kilekile: mwezi wa 12 bili inaandikwa msaada, mwezi wa 13 si msaada tena. Aliyelala humo hajaulizwa lolote. Unamtwisha yeye?

Sudi77: Sijamtwisha mtu, dada. Nimesema hela zinakoenda.

Bi Shani: Umesema wanakula. Rudi usome ulichoandika.

Kipanga: Mnapigana bure. Kanuni inaruhusu, hailazimishi. Australia imo kamati hiyohiyo na gharama hizo haizihesabu. Na mmesahau 2005? Misaada ilipaa kwa kufuta madeni ya Iraq na Nigeria, yakaandikwa humohumo.

Mwana wa Chuo: Kipanga, la Nigeria usilibeze. Zilifutwa kama dola bilioni 18, na wao wakalipa kama 12 ili wafutiwe. Mtu aliyetolewa kitanzi shingoni hawezi kuambiwa hakupewa kitu!

Kipanga: Nafuu sikatai. Ila madeni yalipokwisha kufutwa, takwimu zikashuka. Sasa waliongeza msaada au waliongeza tarakimu?

Mwana wa Chuo: Unaongea kama mtu asiyewahi kudaiwa.

Mwanamizani: Jamani, swali langu! Hiyo sheria ya 2015 yenyewe haina meno. Lengo lisipofikiwa, waziri anapeleka maelezo bungeni, basi. Mwaka 2021 wakashuka hadi asilimia 0.5 na sheria iko palepale. Ndiyo maana nasema anayehesabu na anayelipa wasiwe mmoja.

Sudi77: Mwanamizani, nitakujibu Bi Shani akiacha kunifanya mbaguzi.

Bi Shani: Sijakuita hivyo. Nasema umemwona mkimbizi, mkataba wa hoteli hukuuona. Na huo mkataba umetiwa saini na serikali.

Sudi77: Basi Wizara ya Mambo ya Ndani ilipie hoteli kwa fungu lake, fungu la misaada liachwe. Hilo nalo utalipinga?

Bi Shani: Silipingi, ndilo ninalolitaka. Ila lile la kula ulifute kwanza.