Desmopressini ya kupuliza puani imeadimika, nahamaje kwenda kwenye vidonge?

Mlezi
Wakuu, desmopressini (dawa ya kupunguza mkojo) ya puani haipatikani. Mgonjwa ni mtu mzima, ana kisukari insipidusi (kile cha kukojoa maji tupu, hakihusiani na sukari). Anapuliza mikrogramu 10 asubuhi na 10 usiku. Dukani kuna vidonge vya 100 vya kumeza na vya 60 vya kuyeyusha chini ya ulimi. Je, nikate kidonge hadi nipate 10? Ipo pia chupa ya puani iliyoandikwa 1.5 mg/ml, naambiwa ni dawa ileile.

Mfamasia_zamu
Hiyo chupa iache hapo hapo dukani, tafadhali. Ni dawa ileile kweli, ila imetengenezwa kwa ajili ya wenye shida ya damu kuganda. Mpulizo mmoja unatoa mikrogramu 150, mara 15 ya anayotumia. Yake inatakiwa isomeke 0.1 mg/ml.

Kidonge nacho usikikate kufikia 10. Puani huingia mwilini asilimia 3 hadi 5 hivi ya dawa. Ukimeza haifiki hata asilimia 1. Kipande cha 10 ni sawa na kutompa kitu. Kwa mtu mzima daktari huanza na 50 mara mbili au 100 mara tatu kwa siku, kisha anapandisha kwa kutazama mkojo na kiu. Kile cha 60 cha kuyeyusha ni sawa na 100 ya kumeza. Cha kwanza apewe yakishapita masaa 12 tangu mpulizo wa mwisho, na muda wa kunywa usibadilike: leo na chakula, kesho bila chakula, dawa itafanya kazi kwa kuyumba.

Nesi wa wodi
Naongezea la sodiamu (chumvi iliyo kwenye damu), maana hapo ndipo watu wanapoumia. Ipimwe kabla ya kubadili na tena baada ya siku chache. Kawaida ni 135 hadi 145 mmol/L. Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa. Ukipanda kilo nzima kwa siku moja, maji yanabaki mwilini. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa: asinywe dozi inayofuata, apelekwe hospitali. Akipata degedege ni dharura, msisubiri asubuhi.

Anywe maji kwa kiu tu, si kwa mazoea ya kushika chupa kutwa nzima. Ila dawa ikikatika kabisa, msimnyime maji hata kidogo.

Mkuu_K
Chupa ya puani ya ml 5 ni mipulizo 50, kwake siku 25. Ihesabuni. Baada ya 50 pampu bado inatoa ukungu, lakini dozi haifiki 10, na watu hudhani ugonjwa umezidi. Mabaki msiyamimine kwenye chupa nyingine. Chupa mpya bonyezeni mara 4 hewani kwanza. Mafua yakibana pua, dawa haiingii vizuri.

Uhaba huu ulianza kusikika sana mwaka 2020, kampuni ya Ferring inayotengeneza dawa hii ilipoziondoa chupa zake za puani sokoni Marekani baada ya kukuta baadhi ya chupa zina dawa kali kupita kiwango.

Mfamasia_zamu
Asipoweza kumeza, mfano anatapika, hospitali wana sindano ya mikrogramu 4 kwa ml. Dozi yake ni kama sehemu ya kumi ya ile ya puani, kwa hiyo mtaje kabisa kwamba alikuwa anapuliza 20 kwa siku.