Yule "Dokta" wa kichuma kamwambia shangazi yangu asimamishe kemo, zile dripu za dawa ya kansa. NIMEVURUGWA!

Wakuu, leo sina salamu. Jamaa wa kichuma mnamjua, hata simtaji, matangazo yake yamejaa kila nguzo ya umeme. Kamshikisha shangazi kile kichuma, eti kinapima mwili mzima, kompyuta ikalia piip, printa ikatema makaratasi ya kufungia maandazi mwaka mzima: zinki nyekundu, seleniamu nyekundu, yaani eti madini hayo yamepungua, shaba imepitiliza. Damu hakutoa. Hata tone! Kisha akamkazia macho mgonjwa wa kansa ya titi aliye katikati ya kemo: "Mama, kansa ni njaa ya madini. Simamisha dripu kwanza, tujaze."

Tujaze! Shangazi ni tangi?

Na damu hakutoa, wakuu. Hiyo shaba kaiona wapi, kwenye kiganja? "Simamisha dripu", huku mkono mwingine tayari unafungua kitabu cha risiti. Kopo moja laki na themanini!

Mzee_Kijiko: Na wewe muda wote huo ulikuwa unamshikia pochi?

Maabara_Kimya: Kwa wagonjwa wengi wa kansa zinki ya damu hushuka kweli na shaba hupanda. Ila ugonjwa ukichachamaa, ini lenyewe huvuta zinki kutoka kwenye damu na kumwaga zaidi protini inayobeba shaba. Kwa hiyo kipimo kikiwa chini haimaanishi ndicho kilicholeta kansa. Sisi tukipima zinki tunachagua mpaka chupa, maana kizibo cha mpira tu kinaweza kuchafua majibu. Sasa kichuma?

Binti_Mapozi: Kumbe jamaa alipatia 😂

Mleta mada: ALIPATIA NINI WAKATI HAKUTOA DAMU???

Profesa_wa_Jioni: Marekani waliwapa seleniamu na vitamini E wanaume, jaribio la watu zaidi ya 35,000, kuzuia kansa ya tezi dume. 2008 wakasitisha vidonge, hakuna faida. 2011 ikaonekana waliopewa vitamini E peke yake kansa hiyo imeongezeka.

Mzee_Kijiko: Tezi dume imeingiaje, shangazi wa watu huyo.

Dada_Virutubisho: Pole mpendwa. Ninayo ya asili kabisa, njoo inbox.

Mleta mada: Mods mtoeni huyu kabla sijafungiwa mimi!

Ndevu_Nyingi: Mimi kichuma kilisema ovari ya kushoto ina shida. Nikalipa.

Mama_Junior: Afadhali nyie. Mimi dirisha la dawa toka asubuhi "mtandao uko chini", bima haisomi, na dada wa dirishani anakula karanga ananitazama.

Konda_Mstaafu: Mtandao upi? Bando langu limeishia kwenye uzi huu huu.

Mzee_Kijiko: Nunua la usiku.

Konda_Mstaafu: La usiku wamepandisha juzi.

Mama_Junior: Wamepandisha tena?? Shilingi ngapi?